Wimbo wa Bahasha Nne

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Nimeamka na azimio. Kusema kweli nililipata baada ya chai, lakini halipungui uzito kwa sababu hiyo.

Azimio lenyewe: mwaka huu nitawashirikisha watu kazi zangu. Hakuna kurudi nyuma.

Nimefungua sanduku nikazikagua. Nyimbo arobaini na moja, zote kwa mwandiko safi. Zilizowahi kuimbwa na kinywa kisichokuwa changu: hakuna hata moja. Nina miaka sitini na mmoja. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyowaonyesha watu.

Miaka thelathini nilikuwa karani wa masjala. Nilitunza mafaili ya watu, na saa ya chakula cha mchana nilitunga. Nilipostaafu tukahamia huku pwani. Niliamini bahari italeta nyimbo. Imeleta kutu. Kinanda changu kimeliwa na hewa ya chumvi, fa ya juu ukiibonyeza haiinuki mpaka uichokoe kwa kisu cha siagi. Karatasi zimejikunja. Mchanga umefika mpaka ndani ya sukari. Sijakata tamaa.

Na leo hii hii mlango umefunguka! Mwalimu wa kwaya yetu ametutangazia kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na moja boti mpya ya zahanati inashushwa majini, ile itakayokuwa inavusha wagonjwa wa kisiwani. Kwaya itaimba. Anataka wimbo mpya, na yeyote mwenye wimbo aulete. Akasema wimbo usiotolewa ni sawa na uji uliosahauliwa jikoni. Alipokuwa anasema alinitazama mimi.

Mke wangu ni muuguzi hapo hapo zahanati. Nimemsomea azimio langu wakati anafunga viatu. Akasema afadhali, maana mficha uchi hazai. Akaenda zake kazini.

Alhamisi, 2 Januari

Kikwazo kimoja tu. Kinakaa nyumba ya jirani.

Ni fundi wa boti. Watu wote wanamwita Mluzi, kwa sababu tangu anaposhika randa asubuhi mpaka anapoiweka chini hafungi mdomo wake. Akisikia wimbo mara moja ameshaushika. Mwezi wa kumi nilikuwa natunga namba thelathini na nane, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu. Kesho yake nikamsikia anaupiga mluzi wimbo wangu, mistari mitatu, na wa nne ameuongeza mwenyewe.

Mstari wake wa nne ulikuwa mzuri. Hilo ndilo sijamsamehe.

Nyimbo zake zinaimbwa kila mahali, sokoni, shuleni, kwa kinyozi. Ukimuuliza nani katunga, anasema sijui, umekuja wenyewe. Anazigawa kama mtu anayegawa maji. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa sanaa.

Kwa hiyo swali langu la leo ni moja. Nawezaje kuwashirikisha watu wimbo wangu bila watu kuupata?

Saa nane mchana jibu likaja, na limetoka masjala! Faili zito tulikuwa hatumpi karani mmoja. Huyu anapewa ukurasa wa kwanza, yule wa pili, kila mmoja anafanya kazi yake na hakuna anayejua habari nzima. Kwaya ina sauti nne. Kila sauti itapewa bahasha yake, itafundishwa chumba chake, siku yake. Wimbo mzima utasikika kwa mara ya kwanza ufukweni, siku yenyewe, wakati Mluzi ameshachelewa.

Bado ninao mhuri wa SIRI niliotoka nao kazini. Wino umekauka kidogo. Nimeuamsha kwa siki.

Ijumaa, 3 Januari

Ushindi. Nimemwimbia Mwalimu sauti ya kwanza ya namba arobaini na moja, "Ewe Bahari, Mama wa Fikra Zangu." Ilikuwa shuleni kwake, ofisi ya walimu, mlango umefungwa, kiti kimeegemezwa mlangoni. Mwalimu akasema ni mzuri, tena mzuri kweli, kwa nini nimekaa nao muda wote huu.

Nikaomba maji ya kunywa. Koo lilikuwa limekauka kwa kuimba.

Akataka karatasi yenye sauti zote nne. Nikamweleza mpango wa bahasha. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mtoto aliyemeza kifungo. Akauliza sasa yeye, kiongozi wa kwaya, atasimamiaje wimbo ambao haujui. Nikamwambia aniamini. Akapumua, akasema basi sawa, kwa kuwa wengine hawajaleta kitu. Mluzi naye alimwambia yuko mbioni kumalizia boti.

Nimemwomba Mwalimu asiuimbe hata kimoyomoyo. Amesema atajitahidi.

Jumapili, 5 Januari

Siku nzima kwenye bahasha. Nimegawa na maneno pia, nisije nikaacha mwanya. Sauti ya kwanza wana mashairi karibu yote. Sauti ya pili wana silabi za mwisho. Sauti ya tatu wanaitikia "ewe." Sauti ya nne, yaani besi, walikuwa hawajabakiwa na kitu, nikawapa makombo ya kiitikio: "Tena. Bado. Tena na tena." Noti zao ni mbili tu, do na so. Besi ni watu wanne, na mmoja wao ni Mluzi. Kwa noti mbili ataiba nini?

Kisha nikapata wazo kubwa kuliko yote.

Nieleze, maana shajara hii itakuja kusomwa na watafiti. Kwaya yetu inasoma noti za do, re, mi. Karatasi haisemi do ni sauti gani. Lazima mtu akupe do kwanza, kwa kinanda au kwa mdomo, halafu nyingine zote zinajipanga juu yake. Ukibadilisha do, wimbo wote unapanda au unashuka. Kwa maneno mengine, do ndiyo ufunguo wa nyumba.

Na ufunguo wa nyumba haugawiwi ovyo! Kila sauti nitaipa do yake ya mazoezi, ya uongo. Ya kweli nitaitoa ufukweni. Mwizi hata akipata bahasha zote nne, atafungua mlango gani?

Nimemweleza mke wangu wakati anapiga pasi. Akauliza na waimbaji je, watafungua mlango gani, maana wao sio wezi. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasema ndani ya nguo hizi anaona jasho tu.

Jumatatu, 6 Januari

Mazoezi. Sauti ya kwanza darasa la tatu, saa tatu. Sauti ya pili stoo, katikati ya mafagio, saa nne. Sauti ya tatu chini ya ngazi. Besi nyuma ya choo cha walimu, palipobaki.

Kila mmoja alisaini kuchukua bahasha na kusaini kurudisha. Do nilimnong'oneza kiongozi wa kila kundi sikioni.

Mama mshonaji, anayeongoza sauti ya pili, amelalamika. Karatasi yake inaanza "ri, ma, ra, ngu." Anasema ameimba kwaya miaka ishirini, hajawahi kuimba makapi. Nikamwambia uzuri wake utaonekana mbele. Akauliza mbele wapi. Nikamwambia hiyo ni siri. Akanirudishia bahasha kwa vidole viwili.

Besi hawakulalamika. Walijifunza kwa dakika sita. Mluzi akasema ni wimbo mtamu, una nguvu za miguu. Sijui alimaanisha nini na sikutaka kumpa nafasi ya kueleza.

Jumanne, 7 Januari

Imevuja!

Saa mbili asubuhi, niko barazani na chai, nasikia kutoka karakana ya Mluzi: "Tena! Bado! Tena na tena!" Wanaume kumi wanabeba ubao mrefu. Kwenye "tena" wanainua, kwenye "bado" wanapumua, kwenye "tena na tena" wanatembea. Ubao unakwenda kama una miguu yake.

Nilivuka uzio na viatu vya ndani. Nikamkumbusha Mluzi kwamba alisaini. Akashika kichwa, akaniomba radhi, na akaniomba radhi kweli, bila kejeli. Alikuwa anajikumbusha tu peke yake, wenzake wakadaka. Akasema jirani, tangu tuanze nao hakuna aliyelalamika mgongo. Akataka kuniletea kiti nikae nisikilize. Nikakataa. Ukikaa kwenye kiti cha mtu huwezi tena kumgombeza.

Mchana nikapita zahanati kumpelekea mke wangu mwavuli. Foleni ya wagonjwa inavuma besi yangu midomo imefungwa. Jioni yeye mwenyewe anasugua sufuria: "Tena. Bado." Nikamtazama. Akasema umemwingia bila kubisha hodi, afanyeje.

Nimetafakari nikatulia. Walichoiba ni mfupa. Nyama ninayo mimi. Hakuna mtu anayeheshimiwa kwa ajili ya besi.

Alhamisi, 9 Januari

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu aliamuru sauti zote nne zikutane leo ukumbini. Nikapinga. Akasema bila hivyo wimbo haupo. Nikakubali, nikasimama mbele, nikainua mikono. Watu arobaini. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa bwana harusi.

Nilisahau kitu kimoja. Sikuwapa do mpya. Kila kundi likaanza na do niliyolinong'oneza Jumatatu.

Do nne kwa pamoja. Siwezi kuandika sauti ile. Mlinzi wa shule alikuja kuangalia kama kuna aliyeumia. Sauti ya tatu wakadhani wao ndio wamekosea, wakaongeza nguvu. Mama mshonaji aliacha kuimba, akakaa, akafunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Mwalimu akasimamisha. Akaniuliza kwa upole do ya kweli ni ipi. Nikafungua daftari langu la siri. Humo nimeandika do tano, moja kwa kila kundi na moja ya kweli. Zote zina mhuri. Kwa ajili ya usalama sikuandika ipi ni ipi.

Tukaenda kwenye kinanda cha shule tuzijaribu moja moja. Kwa do ya kwanza besi walikuwa wanaguna. Kwa ya pili sauti ya kwanza walikuwa wanapiga kelele. Ya tatu ilikuwa karibu, lakini watu walikuwa wameshaanza kuchekana, na watu wakishaanza kuchekana hakuna kwaya tena.

Mwalimu akanivuta pembeni. Akasema hataki kuuacha, kwa sababu ule aliousikia siku ile ofisini ulikuwa wimbo. Nilete kesho saa nne, karatasi moja, sauti zote nne, do imeandikwa juu. Wana saa mbili. Kwaya hii inaweza kujifunza wimbo kwa saa mbili. Nisipoleta, wataimba ule wa zamani.

Nilikaa kwenye ngazi za shule. Nilikuwa na huzuni kama sijawahi kuwa nayo. Mke wangu akatokea na sare yake ya kazi, akakaa karibu nami. Alikuwa ameshasikia, mji huu ni mdogo. Hakunicheka. Akasema, "Mume wangu, wape tu. Watakuimbia."

Nimeamua. Kesho nawapa.

Ijumaa, 10 Januari

Nilitimiza! Karatasi moja. Sauti nne, moja juu ya nyingine. Do imeandikwa juu kabisa, imepigiwa mstari. Ni wimbo mzuri. Naliandika hili bila majivuno.

Nikatoka saa tatu na nusu. Penye nia pana njia.

Njiani ndipo nilipofikiri: nimejitoa mzima mzima, hata kadhamana kadogo hakuna? Ofisi yoyote ile isingeruhusu. Nikapita duka la kuchapishia. Tamko la Mwimbaji, vifungu kumi na kimoja, nakala arobaini. Kifungu cha sita kinakataza kuimba, kuvuma, kupiga mluzi na kukumbuka kwa makusudi nje ya ukumbi. Nadhani ni cha haki.

Nilifika saa nne na nusu. Nikaeleza kwamba karatasi ya wimbo nitaitoa mwimbaji wa mwisho akishasaini. Mluzi akasaini wa kwanza bila kusoma, akatoa kalamu yake iwasaidie wengine. Mama mshonaji alisoma kila neno. Akataka ufafanuzi wa "kukumbuka." Sauti ya tatu wakataka kifungu cha tisa kifutwe. Tukakijadili. Nikakubali kukilegeza. Mzee mmoja wa besi hana miwani, ikabidi asomewe vyote kumi na kimoja, na kila kimoja alisema Mungu akubariki.

Wa mwisho alisaini saa sita kasoro dakika nne. Nikaitoa karatasi. Nikaiinua juu wote waione.

Kengele ikalia. Watu wana kazi zao, watoto wao, majiko yao. Mwalimu akachukua mkoba. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Akasema wataimba ule wa zamani, nisisahau kuvaa shati jeupe.

Ninayo matamko arobaini yaliyosainiwa. Yamekamilika yote.

Jumamosi, 11 Januari

Nilikwenda. Nilivaa shati jeupe. Mtu mzima hasusi.

Ufukwe umejaa, mji mzima. Boti iko juu ya magogo, nyeupe, nzuri, sina budi kusema kwamba Mluzi ni fundi. Mganga mkuu wa zahanati akahutubia kwa kipaza sauti. Kwaya ikaimba wimbo wa zamani. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Kisha kamba zikashikwa, boti ikashuka hatua tano, ikakwama. Ikazama mchangani kwa upande mmoja. Wakavuta. Haikutikisika. Wakaongezeka, kila mtu anavuta kwa wakati wake, mmoja anasukuma wakati mwingine anapumzika. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Nilimwona mke wangu amesimama na wauguzi wenzake, mkono mdomoni. Alishaniambia habari ya mama wa kisiwani aliyengoja chombo tangu asubuhi mpaka jioni, na kilipofika hakikuhitajika tena. Hakuna mtu aliyecheka pale.

Sijui nani alianza. Sio Mluzi, yeye alikuwa amelala chini ya boti anachimba. Mtu tu. "Tena!" Wengine wakajibu, "Bado!" Halafu wote, "Tena na tena!" Kamba zikanyooka. Kwaya ikaacha mistari yake ikaenda kushika kamba, na mama mshonaji yuko mbele. Wauguzi wakashika. Watu wote walikuwa kwenye do moja. Hakuna aliyewapa.

Boti ikaanza kwenda. Wale wasiopata kamba walikuwa wanaimba tu na kupiga miguu. Watu mia tatu, labda zaidi. Mchanga ulikuwa unatetemeka chini ya viatu vyangu. Sikuimba. Midomo ilicheza kidogo. Macho yalinijaa maji, upepo wa baharini una chumvi nyingi mwezi huu.

Ilipoelea watu walikumbatiana hovyo. Mganga mkuu akarudi kwenye kipaza sauti, akasema wimbo huu umefanya kazi ya trekta, na angependa jina la mtunzi liandikwe kwenye kibao cha boti, ubavuni, kwa rangi. Mtunzi ni nani? Watu wakamgeukia Mluzi. Mluzi, mchanga mpaka kwenye nyusi, akatikisa kichwa. Akaninyooshea kidole. Akasema, "Ni jirani yangu, yule pale mwenye shati jeupe. Mie sina langu humo."

Mji mzima ukanigeukia. Mke wangu alikuwa anatabasamu, mikono imeshaanza kupiga makofi.

Nami nikaona hatari. Niandikwe pale, kwa rangi, milele, kama mtunzi wa besi! Wa makombo! Wakati wimbo wangu halisi uko mfukoni, haujaguswa! Nikapaza sauti. Nikasema kuna makosa. Hicho walichoimba sio wimbo, ni mabaki ya sauti ya nne, yaliyovuja kinyume cha utaratibu, na mimi kama mtunzi siyatambui.

Mganga mkuu akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akamwambia kitu mchora vibao, naye akachovya brashi.

MTUNZI HAJULIKANI. Herufi za bluu. Zimekaa sawa.

Mke wangu alikuwa ameshusha mikono. Tulirudi nyumbani pamoja, hakusema neno njia nzima. Nadhani alichoka na jua.

Jumapili, 12 Januari

Nimeamka na nguvu mpya. Nimechunguza yote yaliyotokea, hatua kwa hatua, kama tulivyokuwa tunachunguza faili lililopotea. Mtu asiyejifunza kutokana na makosa ni wa kuhurumiwa.

Bahasha hazikuwa na kosa. Do haikuwa na kosa, iliwachanganya wezi kama nilivyokusudia. Matamko hayakuwa na kosa. Nimetafuta uvujaji ulianzia wapi, na kila nikifuata njia nafika mahali pamoja.

Besi.

Nimeanza namba arobaini na mbili. Haina besi. Mwalimu nimeshamwandikia barua kumjulisha kwamba mwaka huu nitawashirikisha watu kazi zangu, na kwamba safari hii hakuna kitakachowafikia.

Mke wangu amesoma barua, akaiweka mezani, akaenda ufukweni. Watu huko wanapandisha mitumbwi, wanaimba wote, sauti inafika mpaka hapa mezani, na yake naitambua katikati. Nimefunga dirisha. Siwezi kutunga na kelele zile.